Bosi Ametoka Kidogo

Jumamosi jioni, jua likiwa bado linapiga dirishani, fundi viti alikuwa amepiga magoti sakafuni akimkanda mkewe kwa kitambaa cha maji moto. Alianzia kwenye vifundo vya miguu, akapanda magotini, akafika nyongani, pale ambapo mke alisema panamfukuta tangu atundikiwe dripu ya kwanza ya dawa. Beseni lilikuwa pembeni likitoa mvuke. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Fundi alipobonyeza kitambaa juu ya mfupa wa nyonga, mfupa ukasema, kwa sauti laini yenye adabu: "Hayupo. Ametoka kidogo."

Fundi akakamua kitambaa.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu," mke akajibu. Alikuwa amefumba macho.

"Basi ni nyonga."

"Itakuwa nyonga. Hebu rudia hapo hapo, pananipa nafuu."

Akarudia. Nyonga ikasema tena kwamba hayupo, ikaongeza kuwa anayemtafuta anaweza kuacha ujumbe. Fundi alimaliza mguu wa kulia akahamia wa kushoto, na huko nako akasikia maneno yale yale, ila kwa mbali, kama ya mtu anayezungumza akiwa ameegemea mlango kwa mgongo. Kisha akabeba beseni, akamwaga maji uani, akaanika kitambaa.

Sauti ile aliijua, na nani asiyeijua! Ilikuwa ya mkewe mwenyewe, ile ya kazini. Nyumbani mama huyu alikuwa na sauti ya kawaida tu, ya kuwaita watu waje kula na kuuliza nani kaacha taa inawaka. Ya kazini ilikuwa nyingine kabisa, ya kulaza mtoto mwenye homa. Kiwandani walimwita Sauti, na hata waliomwajiri walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Kilikuwa kiwanda cha rangi. Yeye alikaa mapokezi, nyuma ya meza yenye simu mbili na maua ya plastiki, na mgongoni kwake ulikuwepo mlango wa bosi.

Kazi yake ilikuwa kupokea watu, lakini sehemu kubwa ya kupokea huko, ukweli usemwe, ilikuwa kutopokea. Mtu akija na bosi hataki kuonekana, Sauti alimwambia ametoka kidogo. Alilisema hilo kwa upole kiasi kwamba mtu aliondoka akiwa ameshukuru. Wapo waliokwenda zao wakidhani wamehudumiwa. Yuko hata mwuza vipuri mmoja aliyerudi kesho yake na mfuko wa machungwa, eti kumshukuru dada kwa ukarimu, na bosi huyo hajamtia machoni mpaka leo.

Fundi mwenyewe alinasa hivyo hivyo. Enzi hizo alikuwa kijana, ameitwa kuja kutengeneza kiti cha bosi. Sauti akamwambia bosi ametoka kidogo.

"Sina shida na bosi, dada. Nimefuata kiti."

"Kiti nacho kimetoka," Sauti akasema bila kupepesa macho.

Na kutoka ndani, wote wawili wakakisikia kiti kikilia kwa uzito wa aliyekikalia. Fundi alicheka karibu avunjike mbavu. Kesho yake alirudi bila nyundo wala misumari, amevaa shati la kupigwa pasi, na baada ya muda si mrefu wakaoana. Miaka yote ya ndoa yao, hadithi za mapokezi ndizo zilikuwa kitoweo cha mezani. Fundi angeuliza, "Haya, leo umemficha nani?" naye Sauti angesimulia, akiiga sura za watu, mpaka chakula kipoe.

Hadithi moja tu ndiyo haikuwahi kuchekesha. Mchanganya rangi mmoja alikuwa amedondoka kutoka kwenye ngazi akaingia katika pipa kubwa la kuchanganyia, na alipotolewa alikuwa ameshakufa. Ngazi ile ilikosa kidato kimoja, na bosi alikuwa ameambiwa habari za kidato hicho, akaambiwa na Sauti mwenyewe, aliyepeleka ujumbe wa mafundi mezani kwake. Lakini taarifa iliyosomwa mbele ya wafanyakazi ilisema marehemu alikuwa amelewa. Jamani! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi alikuwa anaikataa kwa sababu ya harufu yake.

Marehemu aliacha mke na watoto pacha, na huyo mke wote walimwita Mama Pacha. Alikuja kiwandani asubuhi baada ya maziko, akaketi kwenye benchi la mapokezi, akasema anataka kumwona bosi. Walimpa bahasha ya kumfuta machozi akairudisha bila kuifungua. Alichotaka ni kimoja. Alitaka bosi asimame pale pale ilipotangazwa taarifa, mbele ya watu wale wale, aseme kwa kinywa chake kwamba mume wake hakuwa mlevi. Shuleni pacha walikuwa wanaitwa watoto wa mlevi, na mmoja alishaanza kugoma kwenda.

"Hayupo, mama," Sauti alimwambia. "Ametoka kidogo."

"Basi nitangoja."

Akangoja. Akaja kesho yake, na keshokutwa, na ikawa ni mazoea, asubuhi anakuja kabla ya kwenda kwenye kazi yake ya kufua nguo za watu. Nyuma ya mlango kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, na Mama Pacha alikuwa na masikio kama mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa mtu wa heshima, na mtu wa heshima akiambiwa hayupo na dada mwenye sauti kama ile, ataanzia wapi kusema ni uongo?

Sauti alilisimulia hilo mezani mara moja tu. Fundi akamuuliza, "Kwani akimwona kutakuwa na nini?"

"Nitafukuzwa."

Fundi akamega chakula, akatafuna, akasema, "Basi ndiyo kazi hiyo, utafanyaje."

Sentensi hiyo ilimrudia sana baadaye. Aliijutia alipokuwa anapiga misumari, aliijutia alipokuwa anaoga. Wakati ule aliisema kwa wepesi, akaomba aongezewe mchuzi.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu, kisha michubuko isiyo na sababu, kisha fizi kutoa damu. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyezoea kuongea huku anatembea. Alisema ni saratani ya damu. Akauliza kiwandani wanachanganya nini. Sauti akasema rangi, gundi na kimiminika cha kusafishia brashi. Daktari akaguna, "Mh," akaendelea na mengine.

Bosi alipopata habari aliumia kweli, hilo lisifichwe. Alisema matibabu yote ni juu ya kampuni, akatoa gari na dereva wa kumpeleka Sauti hospitali na kumrudisha. "Sauti ni mtu wangu," alimwambia fundi kwenye simu, na mwisho wa mazungumzo akapenga kamasi. Fundi alishukuru na kushukuru. Angefanyaje? Kwa kushona viti hata dripu moja asingeimudu.

Basi dawa ikaingia, na nyonga ikaanza kusema.

Walipomweleza daktari, alitoa kile kifaa chake cha masikioni akakiweka nyongani, badala ya kifuani. Akasikiliza. Akahamia mfupa wa kidari, akasikiliza. Akampa fundi naye asikilize.

Fundi akasikia mapokezi. Alisikia hatua zinakuja, zinasimama, na sauti ya mkewe inaziambia hapa hakuna mtu. Hatua zikaondoka. Halafu akasikia mlango ukifunguliwa kidogo, na sauti ile ile ikisema ndani kwa kunong'ona, "Wamekwenda. Tulieni tu, msihangaike. Nani hajapata chai?" Viti vikavutwa. Yeye ni mtu wa viti, aliweza kujua kwa mlio tu kwamba vilikuwa vya mito minene, vya kukaliwa kwa muda mrefu.

"Ndiyo," daktari akasema, akivua glavu. "Wamehifadhiwa."

"Akina nani?"

"Seli za ugonjwa. Sikiliza, baba. Uboho, yaani uroto ulio ndani ya mifupa, ndio unaolea damu changa. Una pa kuilaza na una cha kuilisha, ndiyo kazi yake. Sasa hizi seli mbaya hazikutoka nje, zimezaliwa humo humo, uboho unaziona ni watoto wa nyumba. Dawa ikija zinajibanza ukutani, na uboho unazifunika, unazilisha, unaziambia zisinzie kwanza, maana dawa hii inawakamata wanaotembeatembea. Dawa inapita, inafagia barabara yote, inaona kweupe, inakwenda zake."

"Na hii ya kuongea?"

"Hii ya kuongea inategemea mtu. Wengi uboho wao hufanya kimya kimya. Mwaka jana nilikuwa na fundi kufuli, huyo hata sindano ya kutolea uboho haikuingia, tulihangaika asubuhi nzima." Akamtazama Sauti. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Mapokezi."

"Basi," daktari akasema, akaandika tarehe ya kurudi.

Damu ilipopimwa ilikutwa safi. Hakuna hata seli moja mbaya, si kwenye mkono wa kulia wala wa kushoto. Watu wakaja kupongeza, Sauti akavaa kilemba kipya juu ya kichwa kisicho na nywele, akawaigiza wauguzi mmoja mmoja mpaka wageni wakalia kwa kucheka. Fundi naye alicheka. Lakini alipopita karibu na kiti cha mkewe alisikia, chini ya vicheko, vikombe vikigongana ndani ya nyonga. Hakumwambia mtu. Alimwongezea mto mgongoni.

Wale waliohifadhiwa wakatoka, bila shaka. Walikuwa wamepumzika, wamekula, wamenenepa. Waliposikia barabara imetulia walitoka kwa makundi, na safari hii dawa ya mwanzo haikuwatisha tena. Michubuko ikarudi mikononi. Sauti alirudishwa wodini, kitanda cha karibu na dirisha, na daktari akaja akasimama kabisa, hatembei. Fundi alipomwona amesimama alijua mambo yameharibika.

"Kuna dawa nyingine," daktari akasema. "Hii haiui. Inabisha hodi kwenye uboho, inaomba waliomo watolewe nje, barabarani, wakutane na ile kali. Tatizo lake ni kwamba haivunji mlango. Uboho ukiiambia hakuna mtu, inaamini."

"Sasa nani atauambia uboho useme kweli?" fundi akauliza.

"Mwenye uboho. Mama, inabidi ujifunze kusema yupo. Useme kwa dhati. Mifupa inajua mtu anapoigiza."

Dawa hiyo ilikuwa ghali mno. Bosi alipigiwa simu, akasema inunuliwe, na wamwambie Sauti apone upesi, maana binti aliyemwachia mapokezi bado hajakolea.

Siku zilizofuata watu wa wodini waliwaona mume na mke wakifanya mazoezi. Fundi alitoka nje ya pazia la kitanda, akakohoa, akasema, "Hodi! Samahani dada, bosi yupo?"

"Yu..." Sauti akasema. Akajaribu tena. "Ametoka kidogo."

"Mke wangu!"

"Limetoka lenyewe. Rudi tena."

Akarudi. Alijifanya mwuza vipuri, alijifanya mkaguzi, alijifanya mama mkwe wa bosi. Alibana pua, akachechemea. Kila mara Sauti alifungua kinywa akiwa amekusudia kabisa, na kila mara neno lilifika kwenye meno likageuka. Mwishowe wakaanza kucheka, wakacheka sana, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akawaomba wamhurumie mshono wake. Kisha Sauti akavuta shuka.

"Hata nikiliweza hapa halitafaa," akasema. "Wewe si mgeni. Wewe nakujua. Mifupa haitakubali mpaka niliseme palepale mapokezini, nimwambie mtu ambaye kweli anamtafuta."

Fundi alijua ni nani.

"Nilidhani ni kazi tu," Sauti akaendelea. "Nilidhani jioni nikichukua mkoba wangu, yale mengine yanabaki pale mezani. Yule mama alikuwa ananiaga vizuri kila siku, unajua? Kila siku ananiambia kazi njema."

Akalia, na fundi akamshika mkono, maana maneno pekee aliyokuwa nayo juu ya jambo lile alikwisha kuyasema zamani, mezani, akiwa na tonge mdomoni.

Daktari akapanga dawa mpya itolewe mchana wa Jumatatu, na hadi siku hiyo akamruhusu Sauti akalale nyumbani. Asubuhi yake wakamwomba dereva apitie kiwandani kwanza. Dereva akasema hakuna neno, ila wasikawie, gari la bosi hilo.

Mapokezini palikuwa vilevile, rangi ikinuka hadi kwenye pazia. Binti mpya alikuwa nyuma ya simu mbili, ameweka maua ya plastiki upande wa kushoto badala ya kulia. Na kwenye benchi, mkoba mapajani, viatu vimepanguswa, alikuwa ameketi Mama Pacha. Alipomwona Sauti akiingia ameshikiliwa mkono na mumewe, alisimama haraka.

"Dada yangu! Umekonda, jamani. Kaa hapa, kaa nafasi yangu. Pacha wanakuombea, kila siku nawaambia wamtaje dada wa kiwandani."

Sauti hakukaa. Nyuma ya mlango kijiko kilikuwa kinakoroga.

"Mama Pacha," akasema, "niulize."

"Nikuulize nini tena?"

"Niulize kama yupo."

Mama Pacha akamtazama binti wa mapokezi, akamtazama fundi, kisha akashusha macho kwa haya, kama mtu aliyeombwa arudie jambo ambalo amelisema mara nyingi mno.

"Bosi yupo, dada?"

Kijiko kikasimama. Binti mpya akaacha kuandika. Mlangoni dereva alikuwa anachezesha funguo, akasema kwa upole kabisa, hana nia mbaya, "Mama, hospitali wanatungojea. Na dawa yenyewe bosi kaifuatilia tangu alfajiri."

Sauti akamgeukia mumewe.

Fundi angeweza kusema. Kinywa chake hakikuwa na mazoea yoyote, mifupa yake haikuwa imefundishwa na mtu. Neno lenyewe ni fupi, na mlango ulikuwa mbele ya pua yake. Lakini aliwaza gari, akawaza dripu, akawaza kitanda cha karibu na dirisha na nani angekilipia kesho. Akatazama chini. Akaona mguu mmoja wa benchi umelegea, akawaza kwamba unahitaji gundi na kabari.

"Ametoka kidogo, mama," Sauti akasema.

Ilikuwa ile sauti yake nzuri. Hata binti mpya aliinua uso kuisikiliza, apate kujifunza.

"Atarudi?"

"Ukingoja, huenda."

"Basi nitangoja. Pona, dada yangu." Mama Pacha akarudi kwenye benchi, akaweka mkoba wake mapajani. Ndani kijiko kikaanza tena, taratibu.

Wakaingia garini. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila walipoingia katika shimo nyonga ya Sauti ilitoa mlio wa pazia linalovutwa na komeo linaloshushwa. Fundi alitamani kumwambia dereva ageuze. Alitamani hivyo mpaka wakafika getini, na getini akashuka akamfungulia mkewe mlango.

Dawa mpya ikatundikwa. Daktari akaweka kifaa nyongani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Inabisha," akasema.

Wakangoja.

"Imejibiwa."

"Imejibiwa vipi?" fundi akauliza.

"Kwa adabu sana," daktari akasema. Akatoa kifaa masikioni. "Imeshukuru, inaondoka."

Baada ya hapo walijaribu yale ambayo madaktari hujaribu, na Sauti akazidi kuwa mwepesi. Alipokuwa na nguvu aliuliza nani anamwagilia miche uani, akamkumbusha fundi kuhusu shati lake jeupe lililo kwa mshonaji. Kuhusu kiwanda hakuongea tena. Mara moja tu, mchana, alimwambia mumewe, "Ningekuwa na kazi nyingine, hata ya kuuza vitambaa, labda hawa wasingepata pa kukaa." Fundi akasema asiseme hivyo. Alijua ni kweli, na alijua pia kwamba asingeacha kuipenda sauti ile iliyomchekesha siku ya kiti. Vitu hivyo viwili vilimkaa kifuani pamoja.

Akafa alasiri, mvua ikinyesha, na uboho wake ukaendelea kuwaambia wauguzi waliokuja kumwosha kwamba hakuna mtu.

Watu walijaa nyumbani. Fundi alitoa viti vyote, vya kwake na vya wateja, hata vile ambavyo bado havijatiwa vitambaa, akavipanga uani na barazani. Jeneza liliwekwa sebuleni. Bosi alifika mapema akiwa na suti nyeusi, peke yake, bila dereva, na alisimama kichwani kwa jeneza akalia machozi ya kweli. Alipoombwa aseme neno, alisema katika maisha yake hajapata mfanyakazi kama yule. Alisema, "Hakuwahi kuniangusha," na watu wakaitikia kwa kuguna, maana ilikuwa kweli.

Ndipo akaingia Mama Pacha. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, akapita kwa unyenyekevu katikati ya watu, akampa mkono fundi, akamwambia pole, akagusa ukingo wa jeneza. Kisha akainua uso, na mtu aliyesimama mbele yake, mkono ukinyooka unamfikia, alikuwa ni bosi. Tangu mume wake azikwe hakuwahi kumwona kwa karibu hivyo. Kiwanda kizima kilikuwepo, wale wale waliosikiliza taarifa siku ile, wamekaa kwenye viti wanatazama.

"Bosi," Mama Pacha akasema. "Samahani kwa mahali. Mimi ni mke wa yule mchanganya..."

"Hayupo, mama," likasema jeneza, kwa upole mkubwa. "Ametoka kidogo."

Shangazi mmoja wa marehemu akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Maskini," akasema, "hata leo yuko kazini." Wengine wakatikisa vichwa. Walioketi kwenye njia wakavuta viti vyao nyuma, ili mama aliyeambiwa hayupo apate pa kupita.

Bosi alikuwa anatazama viatu vyake. Hakusogea. Mama Pacha alimtazama usoni, akamtazama vizuri, kama anayetaka kukumbuka. Akalitazama jeneza.

"Basi nitangoja," akasema.

Macho ya watu yakamgeukia fundi, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Yeye alikuwa karibu nao wote wawili kiasi cha kusikia pumzi zao. Jeneza lilikuwa limenunuliwa na bosi, na gari la kulibeba lilikuwa la bosi, liko nje linanguruma. Fundi akainuka. Akapita kati ya viti akivijaribu kwa mkono kimoja baada ya kingine, akapata chenye miguu imara na mto uliojaa, akakipangusa vumbi. Akakibeba hadi ukutani, mahali ambapo upepo haufiki, akamwambia Mama Pacha aegemee vizuri, kwa sababu kungoja kunachosha mgongo.